Nipikie Kama

Maneno ya Bi Mwanamkasi yalianza kurudi wiki chache baada ya kiharusi, na yalirudi bila utaratibu wowote. La kwanza lilikuwa "maji". La pili lilikuwa tusi zito, alilomtupia kuku aliyeingia ukumbini kudonoa makombo, na mkamwana wake Khadija alifurahi hata akatoka barazani kuwatangazia majirani kwamba mama ametukana. Yakafuata "funga dirisha" na "Alhamdulillahi", kisha jina la mwanawe marehemu, Sele, alilolitaja mara moja na asilirudie tena. Halafu likaja hili lililozua kizaazaa.

"Nipikie kama," alisema asubuhi moja, ameegemea mto kwenye kitanda chake cha ukumbini.

Khadija alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akasimamisha mkono. "Kama nini, mama?"

"Kama."

"Kama nini, mama yangu? Kama samaki wa jana?"

Mzee alimtazama kwa subira ya mwalimu aliyepewa mwanafunzi mzito, kisha akageukia ukuta. Uji uliokuwa kando yake ukapoa, ukafanya utando, na mwishowe ukamwagiwa kuku yule yule wa tusi.

Nyumba yao iko Makorora, mjini Tanga, na ndani yake walikuwa wamebaki wanawake hao wawili tu. Sele, mume wa Khadija, alifariki kwa ajali ya lori miaka kadhaa nyuma, na hawakujaaliwa mtoto. Eda ilipokwisha kila mtu alitazamia Khadija afungashe arudi kwao Mkwaja. Hakufungasha. Bi Mwanamkasi hakumwambia aondoke wala hakumwambia abaki. Alimuuliza tu, siku ile ile eda ilipokwisha, "Kesho tutapika nini?" Toka hapo likawa ndilo swali lao la kila jioni. Khadija alizaliwa mama yake akifa. Huyu ndiye mama aliyempata, tena ukubwani, na alimpenda kwa njia aliyoijua, ya chungu na mwiko.

Na kupika alijua, tusimnyime haki yake. Alikuwa na ule wazimu wa wapishi wa kweli, wa kutaka kujua kila kinacholiwa kimetiwa nini. Akialikwa kwa watu hunusa kwanza ndipo akala. Kuna harusi moja aliondoka amenuna kwa sababu mpishi alikataa kumwambia siri ya achari yake, na mpaka leo bibi harusi wa siku hiyo, ambaye ana wajukuu, akikutana naye sokoni humtania kwa hilo.

Basi akaanza kuutafuta mwisho wa sentensi ya mzee. Alipika tasi wa kupaka, akauliza, "Kama huyu, mama?" Mzee alikula matonge mawili ya adabu, akafunga mdomo. Akapika bokoboko. Akapika kisamvu, mbaazi za nazi, ngisi, mkate wa kumimina. Kila sahani ilikwenda na swali lile lile na kurudi imeguswa pembeni tu. Jirani mmoja akasema labda anataka kama vya zamani, mwingine akasema kama vya harusi yake, wa tatu akasema kama vya Pangani maana alikulia huko. Makorora nzima ilikuwa na mwisho wake wa sentensi, na bibi alizidi kukonda. Bangili zilizokuwa zikimbana mkononi sasa ziliteremka hadi karibu na kiwiko kila alipoinua mkono kuweka sawa mtandio.

Mwanawe mkubwa, Uweso, alikuwa anapiga simu kila jioni kutoka Dar es Salaam. Si mtu mbaya Uweso. Ni mtu wa haraka, ambaye hupenda jambo liwe na jina na dawa.

"Anataka kama," Khadija alimwambia.

"Kama nini?"

"Hasemi, shemeji. Anasema kama, basi."

Uweso alivuta pumzi. "Shemeji, mtu anaanza sentensi na hamalizi. Akili ya mama inaondoka, tusidanganyane. Na chakula hali. Hapa nina chumba, nina muuguzi wa kuja kila siku. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na gari. Nikimkuta anakula, tutazungumza. Nikimkuta hivi hivi, naondoka naye."

Na mimi? Khadija alitaka kuuliza, akaliacha swali, kwa sababu jibu alilijua. Uweso angemwambia nyumba ni yake, akae atakavyo, na angekuwa anasema kweli. Lakini nyumba ile bila ya mzee yule ilikuwa kuta na mabati. Usiku huo alilia, kisha akaamka kuloweka maharage.

Aliyelilegeza fundo alikuwa Benedikta, jirani wa ukuta kwa ukuta, Msambaa wa Mlalo aliyeletwa Tanga na ndoa. Benedikta anaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia yake, na ana sikio ambalo watoto wake wanaliogopa kuliko mkono. Alikuja alasiri moja ya masika kuleta maparachichi, mvua inamwagika, radi zinagonga upande wa bahari. Bi Mwanamkasi alizisikia radi, akainua kidole, akakielekeza sakafuni.

"Kama," alisema. "Watoto wa radi."

"Unaona mambo yenyewe," Khadija alinong'ona. "Sasa na radi imeingia."

Benedikta aliinamisha kichwa upande mmoja. "Bibi, shikamoo. Hebu niambie tena unataka nini."

"Marahaba. Kama."

"Khadija, huyu hajakatisha neno." Benedikta aliweka kapu chini. "Mtu akikatisha, sauti yake hubaki juu, inangoja. Sema wewe: nataka kama."

"Nataka kama..."

"Umesikia ilivyoning'inia? Sasa yake haining'inii. Inatua mpaka chini. Ndivyo mtu anavyosema nataka mchele, nataka chumvi. Hilo ni jina la kitu, mwenzangu. Anataka kitu kinachoitwa kama."

Khadija alikaa mkekani bila kutaka. Wiki zote hizo alikuwa anamkata mzee kauli yake, kisha anamhurumia kwamba hawezi kuimaliza. Aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja furaha, na nyuma ya furaha, kwa kasi zaidi, ukaja ule wazimu wake wa kutaka kujua.

"Mama," alisema, "kama ni kitu?"

"Eee," mzee alijibu, na akafumba macho kwa uchovu wa msafiri aliyefunguliwa mlango.

"Kinaliwa?"

"Kinaliwa."

"Ni samaki?" Kichwa kikakataa. "Ni jani? Ni tunda?" Kikakataa. "Kinatoka wapi?"

Kidole kikarudi sakafuni. "Ndani. Radi ikipiga."

Wakamtajia kila kinachochimbwa. Muhogo, magimbi, viazi vitamu, viazi vikuu, njugu mawe, mpaka Benedikta akataja na karoti za kwao Lushoto. Mzee aliyakataa yote, na kila moja kwa dharau kubwa kuliko la kabla yake. Lilikuwa jambo geni, kwamba mtu mwenye maneno kumi anaweza kudharau kiasi hicho.

Kesho yake Khadija alikwenda Ngamiani, kwenye duka la Idarusi, katika moja ya zile barabara za namba. Idarusi anauza viungo, tende, ubani na ubishi, na hicho cha mwisho hutoa bure.

"Shikamoo, mzee wangu. Natafuta kitu kinaitwa kama."

"Marahaba. Kama nini?"

"Kama."

Idarusi alivua miwani. "Binti, nina wateja."

"Ni jina lake, mzee. Kinakaa ndani ya ardhi. Mama anasema ni watoto wa radi."

Mkono wa Idarusi ulibaki na miwani hewani. Alitikisa midomo kimya, anajaribu. "Kam-a," alisema, akikwama kidogo hapo katikati utadhani amemeza mate. "Ni Kiarabu hicho. Ninyi mmekula kikwazo cha katikati kikabaki Kiswahili. Ni uyoga wa jangwani. Hauna shina wala mwavuli, ni donge la mviringo ndani ya mchanga, na Mabedui husema radi ndiyo inayouzaa. Tulilikariri neno hilo chuoni tukiwa wadogo. Kitu chenyewe sijakiona." Kisha akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka akajipangusa macho. "Mume wa Bi Mwanamkasi, marehemu Mwinyijuma, alikuwa mpishi huko Oman, kambi ya wachimba mafuta, chini ya mpishi mkuu wa Kishami, Mwarabu wa kaskazini. Kila likizo akifika Tanga anapita hapa kununua pilipili manga. Namuuliza, bwana, leo unapika nini? Anasema, kama. Namuuliza kama nini, anacheka anakwenda zake. Miaka yote nilidhani ananitania. Ndiyo kwanza leo ananijibu."

Khadija hakumkuta hai baba mkwe wake. Alimjua kwa picha moja ya ukutani, mwanamume mwembamba mwenye kofia ya kiua. Sasa alimwona ana pilipili manga mkononi na siri mdomoni, na alimpenda papo hapo.

"Unauza?" aliuliza.

"Nani angenunua? Lakini Wazungu nao wana wa kwao, wa misituni, wanautukuza kuliko dhahabu. Wanauita trafo. Au trafeli, hivi. Jaribu hoteli za watalii."

Ndivyo Khadija alivyoingia katika shughuli ya kutafuta trafo. Aliandika neno hilo kwenye simu yake, ikamletea picha za mapipa ya chuma juu ya nguzo za umeme. Akapiga simu hoteli moja iliyoko ng'ambo ya mto Pangani, akapokea kijana mwenye sauti ya haraka aliyejitaja kuwa Laurenti, mpishi.

"Samahani, naulizia kama mna trafo."

"Trafo ipo, dada, tena nzima kabisa. Kwani kwenu umeme umekatika?"

"Haujakatika. Naulizia kama mnaweza kuniuzia kidogo."

"Trafo. Kidogo."

"Hata kipande."

"Dada, ukikutwa na kipande cha trafo utafungwa," Laurenti alisema kwa upole, akakata simu.

Benedikta naye hakukaa bure. Alirudi kutoka duka moja kubwa la mjini na kikasha cha dhahabu, kimeandikwa neno la Kiingereza ambalo muuzaji alimhakikishia ndilo lenyewe. Ndani mlikuwa na vidonge vyeusi vya mviringo vilivyopakwa unga. Vilikuwa na sura ya kitu kilichochimbwa, hilo halina ubishi. Wakampa mzee kimoja. Alikizungusha mdomoni, akakimeza. "Halua," alisema, na kwa kuwa alilelewa vizuri akaongeza, "nzuri." Kisha akasogeza kikasha kwa watoto wa Benedikta, nao wakaimaliza chokoleti hiyo kabla ya magharibi.

Jioni hiyo Laurenti alipiga mwenyewe. "Dada, nimekuwa nacheka peke yangu jikoni kama mwehu. Ulikuwa unataka ule uyoga?"

Walikutana Jumatano, upande wa mjini Pangani, kwenye soko la samaki karibu na kivuko, ambako Laurenti huvuka kununua kamba na ngisi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa kambi ya mkonge, babu yake alitoka Kigoma kukata mkonge akasahau kurudi. Alichomoa kwenye mkoba chupa ndogo ya mafuta iliyobaki robo.

"Nusa."

Khadija alinusa, akarudisha kichwa nyuma, akanusa tena. Kulikuwa na kitunguu saumu humo, na gesi ya jiko, na kitu kingine alichokosa jina lake. "Ndiyo wenyewe?"

"Hapana. Humu hamna uyoga hata punje, ni harufu ya kiwandani. Wageni hawajui, ninawadondoshea juu ya tambi wanafumba macho. Wenyewe niliuona mara moja tu. Mgeni alikuja nao kutoka kwao, ameufunga kwenye leso, mkubwa sawa na ndimu. Akaniambia nimkunie juu ya mayai."

"Ulinuka nini huo uyoga?"

Laurenti aliweka chini ndoo ya kamba. Ilionekana hakuna aliyewahi kumuuliza. "Shamba," alisema. "Shamba la kwetu, mvua ikinyesha mara ya kwanza baada ya kiangazi. Na jasho la mtu kidogo. Sikupata usingizi vizuri."

"Ulionja?"

"Kijiko kilichobaki. Nikalamba na kikunio."

Walisimama hapo wanaulizana na kujibizana mpaka kivuko kikaondoka bila yeye, na ikabidi asubiri kingine. Khadija alisahau kwa muda kwamba alikuwa na mgonjwa. Alikuwa anautaka sasa uyoga ule kwa ajili ya mzee, na kwa ajili yake mwenyewe pia, na hakuona ubaya wowote.

"Lakini dada," Laurenti alisema kivuko kilipogeuka, "bibi yako ulimi wake ni wa Uarabuni. Wa Kizungu utamfanyia nini? Na ninyi watu wa Tanga, kila nyumba ina mtu Maskati. Unakuja kuniuliza mimi mtoto wa mkonge." Akalowesha pamba kwa mafuta yale, akaifunga kwenye karatasi ya nailoni, akampa. "Mnusishe tu. Tuone."

Khadija alifika nyumbani jioni, akaifungua pamba chini ya pua ya Bi Mwanamkasi. Mzee alifumbua macho. Pua zake zilitanuka. Kwa kitambo kidogo uso wake wote ulisogea mbele, kisha ukarudi ulikotoka.

"Uongo," alisema.

Khadija alicheka mpaka akapiga magoti. Daktari wa hospitali ya Bombo alikuwa amempima kwa tochi na kwa maswali, lakini kipimo kilikuwa hiki. Mtu ambaye akili imemtoka hawezi kuyashika mafuta ya kiwandani kwa pumzi moja. Alitaka kumpigia Uweso amwambie, akajiona anavyomwambia: shemeji, nimemnusisha pamba. Akaiweka simu.

Zilibaki siku chache Uweso aje. Benedikta alikuwa na mtoto wa mdogo wake, Anjela, mzaliwa wa Maramba, anayefanya kazi za nyumbani huko huko Maskati, na wiki hiyo alikuwa anarudi likizo. Haikuwa siri. Benedikta alikwisha kumwagiza mashuka. Ni kwamba walikuwa wakitafuta kitu kikubwa na cha ajabu, na Anjela ni mtoto wa nyumbani.

Alipiga simu na kuiweka sauti ya nje. "Anjela, mwanangu, pamoja na yale mashuka niletee kama."

"Kama nini, mama mkubwa?"

Benedikta na Khadija walitazamana, wakaangua kicheko hata Bi Mwanamkasi akageuza shingo kuona kuna nini. Ilichukua muda kumweleza binti wa watu: kitu cha mviringo, cha mchangani, uyoga lakini si uyoga.

"Aa, fagaa," Anjela alisema. "Si mngesema. Hapa ndivyo wanavyoiita wengi. Mbichi msimu wake umepita, lakini ya kopo iko kila duka, rafu moja na dengu. Mama mwenye nyumba hunituma mara kwa mara. Mnataka makubwa au madogo?"

Anjela aliingia Tanga Ijumaa usiku na makopo mawili yaliyoandikwa Kiarabu. Jumamosi asubuhi Khadija alitandika kanga safi mezani, akafungua la kwanza taratibu, na akakaa kulitazama kabla ya kufanya lolote. Vilikuwa vidonge vya rangi ya kahawia hafifu, vina mikunjo, vimelala ndani ya maji ya chumvi. Yeyote angeapa ni mbatata ndogo zilizomenywa vibaya. Alinusa. Harufu ilikuwa ya mbali, haikumkimbilia mtu, ilikuwa ya uwanja uliofagiwa baada ya manyunyu. Akakata kipande akakitia mdomoni. Kilikuwa laini kuliko mbatata na kigumu kuliko yai, na kwanza hakikuwa na ladha yoyote, na alisikitika. Ndicho hiki? Halafu, alipokwisha kumeza, ladha ikaja, kutoka nyuma, na ikakaa.

Hakujua kinapikwaje. Akachungulia ukumbini. "Mama, naanza na nini?"

"Samli," mzee alisema.

Akatia samli. Ikanukia.

"Sasa."

Akatia vipande. Vikaimba sufuriani.

"Kitunguu?"

"Bado." Mzee alikuwa amefumba macho, pua imeelekea jikoni. "Bado. Haya, sasa. Pilipili manga. Ndogo."

"Ulimtazama akipika?"

"Nilikuwa nje," Bi Mwanamkasi alisema. Alitafuta neno, akalipata. "Nanusa."

Khadija alisimama na mwiko mkononi. Miaka yote ile, mpishi wa kambi anarudi nyumbani, anamtoa mke wake jikoni, anampikia yeye. Na mke amekaa nje ya mlango anajifunza pishi zima kwa pua. Hakuwahi kumwambia mtu. Labda hakuna aliyeuliza.

Gari la Uweso lilisimama mlangoni wakati wali unapakuliwa. Khadija alichungulia dirishani, akaona kiti cha nyuma kimekunjuliwa kuwa kitanda, na juu yake mto mpya ungali ndani ya nailoni. Alichukua sinia akalipeleka ukumbini hivyo hivyo, na kulitua mkekani mbele ya mzee, aliyekuwa amekwisha kumketisha.

"Shikamoo, mama," Uweso alisema akivua viatu, kisha akaganda, kiatu kimoja mkononi. Alinusa. Akatazama sinia. "Mbatata za baba," alisema.

"Unazijua?" Khadija aliuliza.

"Nani asiyezijua nyumba hii? Baba akirudi likizo alikuwa anatutoa nje mimi na Sele. Sisi tunakaangiwa mbatata za kawaida, zile nyingine wanakula wao wawili, mlango umefungwa. Niliiba moja nikaitema. Tukaziita mbatata za baba." Akachuchumaa, uso umelainika, mtu mzima amerudi mtoto. "Kwani jina lake hasa ni nini?"

"Kama," mama yake alisema.

Uweso alifungua mdomo kuuliza kama nini. Khadija aliliona swali likifika midomoni na kurudi. Aliona pia neno lilivyomwingia, polepole, mpaka likamgusa mahali panapouma.

"Kwenye simu," alisema. "Kila jioni uliniambia."

"Nilikwambia, shemeji."

"Nami nikasema akili inaondoka." Aliweka kiatu chini. Alikuwa ameona haya, na hakujaribu kuyaficha. "Nilimfanya mama yangu mwehu kwa neno moja."

Bi Mwanamkasi hakuwa na nafasi ya mambo hayo. Khadija alipomkaribia na kijiko, alikisukuma. Akatia mkono wake mwenyewe kwenye wali, akafinyanga tonge, akaweka juu yake kipande cha kama, akala. Alitafuna kwa muda mrefu. Akachukua la pili. Kisha akagonga mkeka kando yake, mara mbili, akimtazama Khadija. "Kaa. Kula." Akasukuma vipande viwili upande wake wa sinia, na kimoja, baada ya kufikiri, upande wa Uweso.

Uweso hakukitema safari hii. Mzee ndiye aliyekula zaidi, mpaka samli ikamtiririka kwenye kifundo cha mkono na bangili zikashuka zikapakwa.

"Makopo yamebaki mangapi?" Uweso aliuliza mwishoni.

"Moja. Aliyaleta Anjela, binti wa kwa jirani, yuko likizo kutoka Maskati."

"Na likiisha?" Aliuliza kwa upole. "Sisemi kwa ubaya, shemeji. Nimeona, anakula. Lakini huyo binti harudi Maskati mpaka mwezi ujao. Kesho mtapika nini?"

Khadija alitazama mikono yake yenye wali. Lilikuwa swali la haki, na lilikuwa swali lao, la yeye na mama, limetoka kwenye mdomo mwingine. Siku zote hizo alikuwa ametafuta pa kuupata uyoga ule, na hakuwa amewaza hata kidogo siku ya pili yake.

Mzee alimaliza kutafuna.

"Mbatata," alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Mbatata," akarudia, sasa akimtazama Khadija peke yake. "Kama kama."

Uweso alisubiri. Alimtazama mama yake, akamtazama shemeji yake, akangoja kinachofuata. Khadija alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, kwa sababu alikuwa amesikia sauti ilivyotua, yote, mpaka chini.

"Amemaliza, shemeji," alisema.

Uweso akainuka, akatoka kwenda kwenye gari. Alirudi na ule mto, akauchana nailoni yake, akauweka nyuma ya mgongo wa mama yake hapo hapo ukumbini. Khadija alikuwa tayari jikoni, anatafuta kisu cha kumenyea.